Longonot bila ukungu si Longonot

Wasee, tuongee ukweli. Kila wikendi tunaona kreta ileile: mbingu buluu kama rangi ya geti, nyasi za kiangazi zimekuwa kijani mbichi, na ukingo wa mlima umezungukwa na kamstari keupe. Hako kamstari si jua. Ni picha imenolewa kupita kiasi. Simu yako ilishainoa kabla hujaigusa, kisha ukainoa tena kwa Lightroom ama Snapseed.

Lakini kinachoniuma zaidi ni ukungu. Watu wanaufuta wakidhani ni uchafu. Ule weupe mwembamba wa vumbi ndio unaambia jicho kwamba ng'ambo ya kreta ni mbali, na Ziwa Naivasha ni mbali zaidi. Ukiongeza weusi mpaka ukuta wa ng'ambo ulingane na kichaka kilicho mbele yako, shimo lote linakuwa bapa kama sahani. Umepanda mpaka mita 2,776 ndio utuonyeshe sahani?

Weusi kamili upe kitu cha karibu, kama kivuli cha jiwe. Weupe uishie kabla mawingu hayajapoteza umbo. Ukiinua vivuli, angalia nyuso: ngozi yetu ikianza kufanana na majivu, rudi nyuma. Kunoa kuje mwisho, ukishapunguza picha kwa saizi ya kupost, na kidogo tu.

Kuna mtu ataona hiyo picha apande matatu kutoka Nairobi. Akifika juu, apate mlima uliomwonyesha.