Daftari la Mzee wa Vitenge na Kabati la Chuo Kikuu



Usiku wa Julai 10, 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua. Wiki iliyopita nilikuwa Mtaa wa Kongo nikiongea na mzee mmoja anayeuza vitenge kwa jumla, habari za kodi tu, tukajikuta tumefika kwenye moto ule. Nikamwuliza, mzee wangu, lingeungua duka lako ungelilia nini kwanza? Nilidhani atasema mzigo.

"Daftari, mwanangu. Mzigo nitaagiza tena. Lakini ninaowadai, likishaungua daftari nitawajuaje?"

Tangu moto ule, kila jioni anapiga picha kurasa za siku hiyo na kumtumia binti yake aliyeko Morogoro. Hakuna aliyempeleka semina.

Nikarudi kwa miguu kupitia Lumumba. Pale, kwenye jengo la TANU, ndipo kilipoanzia chuo kikuu chetu mwaka 1961, kikiwa na kitivo cha Sheria peke yake, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Nikawa najiuliza, hivi vyuo vyetu vina binti wa Morogoro?

Tatizo ni jinsi tunavyoongea. Msomi akitetea kuhifadhi kumbukumbu kidijitali utamsikia: urithi, historia, utambulisho wa taifa. Mhasibu wa chuo anatikisa kichwa kwa heshima, kisha fedha zinakwenda kupaka rangi ukumbi. Basi tuongee naye Kikariakoo.

Mtafiti anatumwa Rufiji miezi sita. Posho, mafuta, wasaidizi, vyote vimelipwa. Mwisho wa siku kilichopatikana ni tasnifu moja na mafaili kwenye kompyuta yake. Kompyuta ikifa, chuo kimenunua hewa. Tena hii ni mbaya kuliko vitenge, maana huwezi kuagiza upya. Mkulima uliyemhoji mwaka 1998 huwezi kumrudia akujibu kama mwaka 1998.

Mimi mwenyewe nilifuata tasnifu ya zamani kwenye maktaba moja (chuo sikitaji) kwa ajili ya makala. Nakala ya karatasi haionekani. Nikapewa CD. Haikufunguka. Dada wa maktaba akaifuta kwa kanga yake, tukajaribu tena, wapi! Mtu alisota miaka miwili kwa kazi ile.

Na moto hauchagui soko. Septemba 20, 2020 uliteketeza Jengo Kuu la Makerere, lenye ofisi za utawala. Aprili 18, 2021 ukaingia maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town na kula makusanyo ya masomo ya Afrika. Mhasibu ajiulize: kumbukumbu za matokeo zikiungua, wahitimu wakija kuomba transkripti atawapa nini?

Sisemi hakuna kinachofanyika. Programu ya DSpace ni ya bure tangu mwaka 2002, na vyuo vyetu kadhaa, UDSM na SUA vikiwemo, vina hazina za tasnifu kwenye intaneti. Lakini kuskani na kupakia siyo kuhifadhi. Kuhifadhi ni kuwa na nakala zaidi ya moja, zikae sehemu tofauti, na awepo mtu anayelipwa kuzikagua kama bado zinafunguka na kuzihamisha kabla teknolojia yake haijapitwa.

Hapo ndipo ninapogombana na "miradi". Mfadhili anakuja, seva inanunuliwa, picha zinapigwa, miaka mitatu inaisha na anaondoka. Nani atalipia umeme? Hifadhi ni kama kodi ya fremu. Huwezi kulipa mwaka wa kwanza ukadhani umelinunua duka. Iingie kwenye bajeti ya kila mwaka, kando ya mishahara na walinzi, hata kama ni fungu dogo.

Jumatatu narudi kwa yule dada wa maktaba. Kasema kuna kabati moja hawajalifungua, funguo anazo mzee aliyestaafu.