Kilomita elfu tatu za nani?

Ihembe, kama ilivyo sehemu kubwa ya Karagwe na Kyerwa, gari jipya kwa kawaida si jipya. Ni IST, Probox, Noah au Wish iliyokwisha kula miaka yake Japani, ikashushwa bandari ya Dar es Salaam, ikafungwa namba E, kisha ikaendeshwa zaidi ya kilomita 1,300 hadi Kagera. Pongezi zikiisha, swali la kwanza kwa fundi huwa ni moja: oili nimwage lini? Na jibu hujulikana kabla halijatamkwa: kila kilomita elfu tatu, au elfu tano ukiwa umeweka oili nzuri. Wanapewa jibu hilo mwalimu anayetoka nyumbani na kurudi, na dereva wa mchomoko anayepandisha abiria kutwa nzima kati ya vijijini na Omurushaka. Ninachosema ni kwamba namba hiyo moja haiwezi kuwa sahihi kwa wote wawili, kwa sababu kinachochosha oili si kilomita peke yake, na kwamba jibu la kuaminika zaidi wameshaliandika waliotengeneza gari. Tatizo ni kwamba hatulisomi, au tunasoma nusu yake.

Namba hiyo ina asili yake. Marekani, kwa miongo mingi, gereji na wauza oili waliwafundisha wenye magari kumwaga kila maili 3,000, ambazo ni karibu kilomita 4,800. Kwa magari ya kabureta na oili za wakati huo, haikuwa ushauri mbaya. Petroli iliyozidi ilikuwa ikichuruzika hadi kwenye oili, na oili zenyewe hazikuwa na viambato vingi vya kusafisha wala vya kuzuia chuma kulika. Hali ya leo ni nyingine. Injini zinapuliziwa mafuta kwa vipimo vya kompyuta, na madaraja ya oili yanayotolewa na Taasisi ya Petroli ya Marekani, zile herufi za API kwenye galoni, yamezidi kupanda, yakafikia SP mwaka 2020. Hata dizeli ya kwetu imebadilika: tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kushusha salfa hadi sehemu 50 kwa milioni, na salfa ndiyo inayozaa asidi ambayo oili hulazimika kuimaliza nguvu. Namba ya gereji, hata hivyo, imebaki pale pale. Huenda njiani ilipoteza hata kipimo chake, maili zikageuka kilomita bila mtu kuuliza.

Sasa tuone watengenezaji wanasemaje. Kwa soko la Japani, ambako magari yetu mengi yanatoka, ratiba ya Toyota kwa injini za kawaida za petroli zisizo na tabo ni kilomita 15,000 au mwaka mmoja, kinachotangulia. Mtu akiishia hapo anaweza kudhani fundi wa Ihembe amekuwa akimwibia miaka yote. Lakini ratiba hiyo ina safu ya pili, ya mazingira magumu, na humo namba inakatwa nusu: kilomita 7,500 au miezi sita. Mazingira magumu nayo yameelezwa kwa vipimo. Asilimia 30 au zaidi ya safari iwe kwenye barabara mbovu, zenye mashimo, changarawe au vumbi. Au asilimia 30 iwe ya kupanda na kushuka milima. Au safari ziwe fupi fupi, za kilomita nane au chini ya hapo. Au gari lisimame sana likiunguruma, au litembee kwa mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa. Kigezo kimoja tu kinatosha kukuingiza kwenye safu hiyo. Chukua gari la Ihembe mwezi wa Julai: vumbi jekundu limefunika hadi migomba ya kando ya barabara, kilima kinafuata kilima, magunia ya kahawa yamebanwa nyuma, na gia ya pili ndiyo gia ya kazi. Vigezo karibu vyote vimetimia kabla ya saa nne asubuhi.

Kipimo cha mwendo mdogo kinastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndicho kinachofichwa zaidi na dashibodi. Ile safari ya kutoka bandarini, kwa wastani wa kilomita 65 kwa saa, ni saa 20 za injini. Kilomita hizo hizo 1,300 kwenye barabara za ndani ya kata, kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa, ni saa 65. Mita ya dashibodi inasema safari ni sawa, ilhali oili imefanya kazi zaidi ya mara tatu, tena kwenye joto la kupanda mlima na hewa yenye vumbi. Ndiyo maana trekta, jenereta na mitambo ya ujenzi havihesabiwi kilomita bali saa, na kwa mitambo mingi hesabu ya siku zote imekuwa saa 250. Kilomita 5,000 kwa mwendo wa 20 ni saa 250 kamili. Kwa hiyo fundi anayesema elfu tano kwa gari linalotambaa milimani hayuko mbali na ukweli, hata kama hakuufikia kwa njia hiyo. Nampa haki yake hapo. Elfu tatu ndiyo nisiyoiona ikitoka kwenye hesabu hii.

Turudi kwa watu wetu wawili. Mwalimu mwenye IST anatembea, tuseme, kilomita 20 kwa siku. Katika miezi sita atakuwa amefikisha 3,600 tu. Kwake kilomita 7,500 hazitafika kamwe kabla ya kalenda, na kalenda ndiyo inayomhusu, kwa sababu safari fupi ni mbaya kuliko zinavyoonekana. Injini inayozimwa kabla ya kushika joto sawasawa haipati nafasi ya kuvukiza maji na petroli vilivyojipenyeza kwenye oili. Fungua mfuniko wa kujazia oili kwenye gari la namna hiyo asubuhi ya baridi ya masika, na mara nyingine utakuta utando mwepesi wenye rangi ya chai ya maziwa umeganda kwa ndani. Ukiwa kidogo ni mvuke wa maji tu, lakini ni dalili ya injini isiyopata moto wa kutosha. Ukiwa mzito, na maji ya rejeta yanapungua, hilo ni jambo jingine la kupeleka kwa fundi siku hiyo hiyo. Mwalimu huyu akifuata elfu tatu za gereji atamwaga karibu na wakati unaofaa, kwa bahati. Akiambiwa elfu tano bila kutajiwa miezi, atapitiliza.

Dereva wa mchomoko yuko upande wa pili kabisa. Akitembea kilomita 150 kwa siku anamaliza 4,500 kwa mwezi. Injini yake huwashwa alfajiri na kubaki na joto hadi usiku, hivyo maji na petroli havikai kwenye oili. Mzigo na vumbi anavyo, ndiyo, na vinamweka kwenye safu ya mazingira magumu, lakini safu hiyo inasema 7,500, yaani kila siku 50 hivi. Kwa elfu tatu anamwaga kila baada ya siku 20. Hesabu inayomfikisha mwalimu salama kwa bahati inamkamua dereva kila mwezi, na mtu anayekamuliwa hutafuta pa kupunguza: ananunua oili ya bei ya chini kabisa, mara nyingi namba 40 isiyo na herufi yoyote ya maana, na filta anairudisha ile ile. Uchumi huo wa kumwaga mara kwa mara vitu hafifu ndio unaoua injini nyingi za michomoko, na wenyewe wanaamini wanazitunza.

Pingamizi la kwanza ni la macho: oili ya elfu tatu ni nyeusi tii, imekufa. Weusi si kifo. Oili ya kisasa imewekewa viambato vya kuosha masizi na kuyashikilia yasigande kwenye chuma, kwa hiyo ikifanya kazi yake lazima ichafuke. Kwenye dizeli huweza kuwa nyeusi siku chache tu baada ya kumwagwa. Ya kuogopa ni oili inayobaki nzuri ya kutazama huku tope likijijenga ndani ya injini. Kijiti cha kupimia hakikuonyeshi asidi wala vumbi lililosagika, bali kiasi cha oili. Na kiasi ndicho cha kuchunguza kila wiki, gari likiwa limesimama pasipo mwinuko, maana injini iliyotembea sana ikianza kula oili inaweza kunoki kwa kukaukiwa kabla tarehe ya kumwaga haijakaribia.

La pili lina uzito zaidi: oili ni rahisi kuliko injini, sasa ukiwahi kumwaga unapoteza nini? Mwenye fedha asiyejali hapotezi kitu kikubwa. Mwenye fedha za kuhesabu anapoteza vitu ambavyo injini inavihitaji zaidi. Katika vumbi la kiangazi, filta ya hewa ndiyo mlango mkuu. Vumbi la udongo lina chembe za mchanga ngumu kuliko chuma cha ringi, na zikipita pale oili iwe ya leo au ya jana, silinda italika tu. Ni magari mangapi yanamwagiwa oili kila mwezi huku filta ya hewa ikikung'utwa kwenye gurudumu na kurudishwa na tundu lake? Fedha ya kumwaga mara moja kati ya mbili inanunua filta zote mbili, halali. Halafu kuna oili chafu yenyewe. Nyingine hupakwa nguzo dhidi ya mchwa, nyingine hurushwa kwenye mtaro nyuma ya gereji, na mvua za masika huisogeza hadi bondeni wanakochota watu maji. Kila mwago usio wa lazima ni lita tatu au nne zaidi za uchafu huo.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Kiwanda, watu husema, kinataka gari lionekane rahisi kulitunza na lidumu mpaka udhamini uishe, yanayofuata hayakihusu. Ni kweli kuna shinikizo la namna hiyo. Ulaya, Volkswagen iliwahi kuweka mpango wa kufika hadi kilomita 30,000 au miaka miwili bila kumwaga, jambo linalopendeza kampuni zenye magari mengi. Gari letu la namba E, likiwa na miaka kumi na injini iliyolegea kidogo, halipaswi kuchezewa hivyo. Ila wasiwasi huo unanisukuma kuchagua safu ngumu badala ya ile laini. Haunisukumi kukata nusu ya nusu. Mwenye injini kuukuu akishuka hadi 5,000 simlaumu. Gari lenye tabo, hata hivyo, lina ratiba yake, na kwa Toyota hiyo hiyo ya Japani safu ngumu ya tabo za petroli ni kilomita 2,500 au miezi mitatu. Hapo hata elfu tatu za gereji zimechelewa. Namba moja kwa magari yote inakosea pande zote mbili.

Wapo pia watakaosema ratiba ya kiwanda ina maana tu kama oili ni halisi, na madukani kuna feki. Hilo halina ubishi, lakini dawa yake si kumwaga mapema, kwa kuwa oili isiyo na viambato haijawahi kuwa nzuri hata siku ya kwanza. Dawa ni kununua kwa muuzaji anayejulikana na anayetoa risiti, kutazama lakiri ya galoni, na kusoma herufi. Oili yenye daraja SF peke yake ilikusudiwa injini za miaka ya 1980, na API yenyewe inasema haizifai nyingi zilizotengenezwa baada ya 1988. Kuiweka kwenye Noah ya mwaka 2012 kisha kubishania kilomita ni kupoteza muda.

Kuna siku moja ambayo sina mjadala nayo: siku gari linapofika. Historia yake huijui, mita inaweza kuwa imerudishwa nyuma, na ile karatasi ndogo yenye maandishi ya Kijapani iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, inayotaja tarehe na kilomita za sevisi ya mwisho, wengi huibandua kwa kucha kama takataka. Isomeshe kwa simu kwanza. Kisha mwaga oili, badilisha filta yake na ya hewa, na uanze hesabu upya kwa kuandika chini ya boneti tarehe, kilomita na daraja la oili iliyowekwa.

Kazi hiyo, hata hivyo, haipaswi kuachiwa mnunuzi na kamusi ya simu yake. TBS hukagua magari yaliyotumika yanayoingia nchini, na wauzaji wa Dar es Salaam hutoa ufunguo, kadi na nyaraka za ushuru kwa mtu ambaye hataweza kusoma kitabu kilichomo kwenye droo ya dashibodi. Ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa kila aina ya gari, wenye safu zote mbili, daraja la oili na ujazo wake, ungegharimu karatasi na wino. Muuzaji alazimishwe kuutoa pamoja na kadi ya gari, ili fundi wa Ihembe na mteja wake wabishane wakiwa wanasoma kitu kimoja.