Kioo mbele ya Medusa

JICHO LA REFA
Na Salma Athumani

Tangu Gary Gygax na Dave Arneson watoe Dungeons & Dragons huko Marekani mwaka 1974, mchezo huo wa mezani umesimama juu ya makubaliano mamoja: wachezaji wanasema mashujaa wao wanafanya nini, na mwendesha mchezo anaamua kinachotokea, kitabu cha kanuni kikiwa mkononi. Shida huanza kitabu kinaponyamaza. Chukua Medusa wa kitabu cha mazimwi cha 2014. Anayeanza zamu yake ndani ya futi 30 kutoka kwake, na akawa anayaona macho yake, anaweza kulazimishwa kurusha dadu la pande 20. Jumla yake, pamoja na nyongeza ya uimara wa mwili, isipofika 14, anaanza kuwa jiwe. Akipungukiwa kwa 5 au zaidi, anakuwa jiwe papo hapo. Anaruhusiwa kukwepesha macho, ila hatamwona Medusa hadi zamu yake ijayo. Sasa mchezaji anatoa kioo mkobani, anampa Medusa mgongo na kusema: “Namtazama kwa kioo.” Hapo kitabu hakina jibu.

Wanaoshika maandishi watasema macho ameyaona, basi arushe dadu. Ushahidi wanao: kitabu hichohicho kinasema Medusa akijiona kwenye kitu kinachong’aa, ndani ya futi 30 na penye mwanga mkali, laana yake humrudia mwenyewe. Ikiwa taswira inaweza kumgeuza jiwe mwenye macho, itamwachaje anayechungulia? Lakini kifungu hicho kinaweza kusimama upande wa pili pia. Kama taswira ingekuwa na nguvu ileile kwa kila mtu, kulikuwa na haja gani ya kumwandikia Medusa sentensi yake peke yake? Wengine hukimbilia ngano ya Wagiriki, ambamo Perseus alimkata Medusa kichwa huku akimtazama kwenye ngao iliyong’arishwa. Nao hawafiki mbali, maana katika ngano hiyo ngao ilimlinda shujaa, ilhali mchezo umeifanya taswira kuwa silaha dhidi ya Medusa. Maneno yamefika mwisho wake, na kuyasoma mara ya kumi hakutaongeza kitu.

Maandishi yakigota, nadhani swali la kuuliza ni hili: uwezo huu wa zimwi uliwekwa ili kumpa mchezaji uamuzi gani? Kisha itolewe hukumu inayouacha uamuzi huo hai. Macho ya Medusa humweka mtu njia panda: atazame auhatarishe mwili, au akwepeshe macho apige ovyo. Kioo cha chuma, katika kitabu cha wachezaji, kinauzwa vipande 5 vya dhahabu. Kikiwa kinga kamili, njia panda imefutwa kwa bei ya dukani na kila shujaa atatembea nacho. Kisipofaa kitu, tumemwadhibu aliyefikiri. Basi na kimkinge, lakini kishike mkono ambao ungebeba ngao, na anayepiga kwa kutazama kinyumenyume arushe dadu mara 2 na kuhesabiwa namba ndogo. Bado atakuwa na kitu ambacho aliyekwepesha macho hana: ataliona pigo la Medusa likija.

Nitaambiwa hapo kanuni imekufa, imebaki hiari ya mwendesha mchezo. Ingekuwa hivyo kama angeamua baada ya dadu kutua. Hukumu ikitamkwa kabla, na ikabaki ileile siku atakapotokea Medusa mwingine, hiyo nayo ni kanuni. Refa wa soka anayeacha mpira uendelee baada ya faulo, kwa kuwa aliyechezewa rafu ana nafasi nzuri, hajavunja sheria. Sheria yenyewe imemtaka atazame adhabu itamnufaisha nani. Wengine watadai kila penye shaka mchezaji apewe yeye, kama mshtakiwa anavyopewa mahakamani. Lakini mshtakiwa hakuomba kupandishwa kizimbani. Mchezaji ameketi mezani kwa hiari yake, akiitafuta hatari hiyohiyo. Ukimpunguzia kila mara, umemnyima alichokifuata.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba waandishi waandike wazi, tusibishane. Wamejaribu. Kitabu cha 2025 kimeufanya mtazamo wa Medusa kuwa shambulio la umbo la koni, linaloelekea anakotaka yeye, na ile ruhusa ya kukwepesha macho haimo tena. Ubishi mwingi umekwisha, na njia panda imekwenda nao: aliye ndani ya koni anarusha dadu, asubiri namba. Uwazi huo una faida yake, hasa mezani penye wageni wasiozoeana. Ila umenunuliwa ghali kuliko kile kioo cha vipande 5. Afadhali kitabu kinachotuachia dakika tano za kubishana, mradi zikiisha mchezaji awe bado na la kuamua.