Pori katika Shamba la Urithi

Tumeletewa barua kutoka Chanzuru, katika Wilaya ya Kilosa, na kwa kuwa jambo lililomo ni la nyumba nyingi, tumeona yafaa tulijibu hapa hadharani bila ya kumtaja mwenyewe. Asema kwamba marehemu baba yao aliwaachia shamba la ekari 10, nao ni ndugu watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja. Wote walitoka kwenda mijini kutafuta riziki, na shamba likakaa miaka minne bila ya jembe, hata likageuka pori. Sasa kaka yao mkubwa amerejea na panga lake, amefyeka nusu, na anasema kuwa alichokifyeka ni chake peke yake, kwani ardhi iliyokufa ni ya yule aliyeihuisha. Dada yao amenyamaza kwa kuona haya kushindana na kaka yake. Mwandishi auliza: asemayo kaka ni kweli?

Ndugu yetu, maneno aliyoyashika kaka yana asili, lakini hayakuwekwa pahali pake. Mtume (S.A.W.) amefundisha kweli kwamba mwenye kuihuisha ardhi iliyokufa huwa yake. Walakini wanavyuoni wameeleza ni ardhi gani hiyo: ni ile isiyokuwa na mwenyewe, ambayo hapana mtu aliyeilima, wala watu wa mji hawaitegemei kwa malisho au kuni. Shamba alilolilima marehemu si maiti. Lina wenyewe tangu saa alipofariki, na katika madhehebu ya Shafi'i, yafuatwayo na Waislamu wengi wa nchi zetu, ardhi haitoki katika milki ya mtu kwa sababu ya kuota majani. Imamu Malik ana kauli nyingine kuhusu ardhi iliyohuishwa kisha ikaachwa mpaka ikarejea msituni, lakini hata hiyo haiwi hoja ya mrithi mmoja juu ya mrithi mwenziwe, kwani huyo mwenziwe naye ni mwenye shamba.

Kwa hiyo hesabu ni ile ile ya Sura ya An-Nisaa. Ikiwa warithi ni hao watatu tu, shamba litagawanywa mafungu matano: kila mwanamume mafungu mawili, yaani ekari nne, na mwanamke fungu moja, ekari mbili. Akiwapo mjane, hutolewa kwanza thumuni yake. Lakini kabla ya kugawanya hapana budi kuuliza jambo moja ambalo katika Kilosa aghalabu husahauliwa: je, shamba lilikuwa la baba mwenyewe? Wakaguru, Wasagara na Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi nyingine ni ya ukoo, hupewa mtu kulima tu. Iliyokuwa amana mikononi mwa marehemu haiwi urithi wa wanawe.

Na jasho la kaka je? Kazi aliyoifanya bila ya kuwashauri wenziwe haimpi milki ya mafungu yao. Hata hivyo si uungwana wenziwe kukaa mjini wakingoja kuletewa shamba lililokwisha safishwa. Twaona wakae pamoja, wakisie siku alizofanya kazi, na kila mmoja atoe kwa kadiri ya fungu lake. Fedha hiyo ni ndogo kuliko aibu ya kupelekana barazani.

Sasa tugeukie upande wa pili, ambao mwandishi hakuuliza, nasi twauogopa zaidi. Imepokewa kwamba Bilal bin Al-Harith Al-Muzani alipewa na Mtume (S.A.W.) ardhi ya Al-Aqiq, na Khalifa Umar (R.A.) alipoona hakuweza kuilima yote, alimwachia aliyoiweza na iliyobaki akawagawia watu. Sheria za nchi yetu nazo zaelekea huko. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, yasema kuwa ardhi ya kijiji isiyotumiwa kwa muda usiopungua miaka 5 yaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa. Kuilaza ardhi ili ipumzike ni matumizi, lakini nani atakayewathibitishia wazee wa kijiji kwamba pori lile mlililaza kwa kusudi, nanyi hamkuonekana hata siku ya maziko ya jirani? Tena mtu mwingine akiingia akakaa, sheria ya mwaka 1971 imeweka miaka 12 ya kudai ardhi mahakamani. Ikipita, mlango umefungwa. Nusu aliyoifyeka kaka imesalimika na hofu ya kutelekezwa. Nusu ya pili imebakiwa na mwaka mmoja.

Na Kilosa si pahali pa kuichezea ardhi. Mkonge ulioletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf ulijaza nchi tambarare za Kimamba na Rudewa. Bei ilipoanguka kwa ajili ya kamba za viwandani, mashamba mengi yakaachwa yakawa vichaka. Kichaka kinachoonekana hakina mtu kina macho mengi yanayokitazama, ya mkulima na ya mfugaji. Mwezi wa Desemba 2000, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni.

Basi lifyekeni lote, na mlifyeke kwa utaratibu. Kabla panga halijagusa jani, zungukeni mipaka pamoja na majirani wa pande zote na mwenyekiti wa kitongoji. Kwetu mpaka aghalabu ni mstari wa minyaa au wa mkonge, na kijana aliyekulia mjini huukata akidhani ni magugu. Hapo ndipo fitina ya miaka ishirini huzaliwa kwa asubuhi moja.

Mkonge uliojiotea ndani ya shamba una tabia yake. Kuukata majani ni kujichosha na kujichoma miiba. Huchipuza machipukizi pembeni, na ukifika wakati wake hutoa mlingoti mara moja, ukaangusha miche mingi kabla ya kufa. Ng'oeni shina lote kwa sururu na kuliacha mizizi juu likauke juani. Miti ya miiba nayo hurudi kutoka kisikini, basi kisiki king'olewe. Upupu ufyekwe mara baada ya masika, ungali mbichi. Ukingoja maganda yakauke, vinyweleo vyake vitawatoa shambani mbio. Na vaeni viatu vizito, kwani nyoka hana habari kwamba mmekuja kwa amani.

Kiberiti kiacheni nyumbani. Twajua kwamba moto ni kazi ya saa moja na panga ni kazi ya mwezi. Lakini moto wa Septemba haujui mpaka wa shamba, na aliyeuwasha bila ya tahadhari ndiye mdhamini wa mahindi ya jirani na wa nyumba yake. Tena huteketeza majani ambayo yangeoza yakawa mbolea. Yapangeni kwa mistari kukingama na mteremko, yazuie udongo usichukuliwe na mvua. Na likiwa shamba limefika mtoni, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 yakataza kulima ndani ya mita 60 za ukingo. Waliouona Mto Mkondoa ulivyofurika Kilosa mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 hawataona kuwa mita hizo ni nyingi.

Mapatano ya ndugu yaandikwe kwa majina na mafungu, la dada likiwemo, mbele ya mashahidi, na nakala moja ibaki katika ofisi ya kijiji. Naye dada, ikiwa hawezi kwenda mwenyewe, na ampeleke mwanawe mmoja na fyekeo siku ya kwanza ya kazi, amsalimu mjomba wake, na aanze kufyeka kwenye ekari mbili za mama yake.