SABUFA ZA "WATI 2000", MNAMDANGANYA NANI?

Kuna dogo wa Bongo Fleva kavuta IST yake ya kwanza, buti lote kajaza sabufa, kaposti eti "wati 2000". Acheni hizo! Hiyo namba ya kwenye boksi ni ya kilele tu, inayohesabika ni RMS. Mbaya zaidi waya wa amplifaya mwembamba kama wa chaja, na karibu na betri hakuna fyuzi. Ukichunika ukagusa bodi, gari linawaka moto, na mashabiki wanaiga kwa hela za mkopo! Sabufa moja ya inchi 12, RMS 300, amplifaya ya RMS hiyohiyo inayokubali omu zake, boksi lililozibwa vizuri, jirani atalalamika tu. Ila hiyo haileti laiki, si ndiyo?