Mkufunzi Hapimwi kwa Vikombe: Funzo Kutoka kwa Pat Summitt

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii huwaonya watu dhidi ya kulewa sifa, na mifano yake katika ulimwengu wa michezo ni mingi ajabu. Hata hivyo, mara moja moja hutokea mgema asifiwaye miaka nenda miaka rudi na tembo lake likabaki vilevile. Pat Summitt, aliyeifunza timu ya wanawake ya mpira wa vikapu ya Chuo Kikuu cha Tennessee nchini Marekani kwa misimu 38, alikuwa mmoja wao. Alishinda mechi 1,098 na kushindwa 208. Alitwaa ubingwa wa kitaifa wa vyuo vikuu mara 8. Tarakimu hizi ndizo zinazotajwa kila jina lake linapozuka. Makala haya yanashikilia kwamba tarakimu hizo, japo ni za kweli, zinampunja. Anayetaka kujua ukubwa wa mama huyu sharti atazame mahali pengine.

Kabla ya kumtazama yeye, si vibaya kulitazama neno. Magazeti na redio zetu humwita mtu wa kazi yake kocha, neno la mkopo. Vilevile humwita mkufunzi, neno lenye ukoo mmoja na kitenzi funza. Hilo hilo ndilo jina la anayewafundisha walimu watarajiwa vyuoni. Nao wachezaji, wawapo uwanjani, humwita tu mwalimu. Lugha yetu basi imekwisha kumweka kocha na mwalimu chini ya dari moja. Swali ni iwapo makocha wanastahili kukaa hapo. Katika maisha ya Summitt, jibu ni wazi.

Alizaliwa tarehe 14 Juni 1952 katika jimbo la Tennessee, akaitwa Patricia Sue Head. Wazazi wake walikuwa wakulima, na utoto wake ulikuwa wa kukama ng'ombe, kukusanya nyasi za mifugo na kushughulika na zao la tumbaku. Jioni, kazi zikiisha, alicheza mpira wa vikapu na kaka zake 3 katika dari la ghala la nyasi, nao hawakumwonea huruma kwa kuwa yeye ni msichana. Alipofikia umri wa shule ya upili, shule ya eneo lao haikuwa na timu ya wasichana. Baba yake, mtu mkali na mchache wa maneno, akaihamisha jamaa nzima hadi eneo jirani ili binti apate mahali pa kucheza. Alipoingia chuoni, kaka zake walikuwa wamesomeshwa kwa ufadhili wa michezo. Yeye hakupata hata senti, kwani wakati huo ufadhili wa namna hiyo haukuwa wa wanawake. Wazazi wakalipa karo.

Mwaka 1972 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya elimu ambayo kifungu chake cha 9 kilipiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu. Michezo ya vyuoni iliingia chini ya sheria hiyo. Lakini sheria huandikwa kwa siku moja na kutekelezwa kwa miaka mingi. Mwaka 1974 Patricia alifika Tennessee kama mwanafunzi wa shahada ya uzamili na msaidizi wa mkufunzi. Mara mkufunzi mwenyewe akaondoka, na msichana wa miaka 22 akajikuta kiongozi wa timu ambayo baadhi ya wachezaji wake walikuwa wamepungukiwa naye kwa mwaka mmoja tu. Mshahara wake ulikuwa dola 250 kwa mwezi. Sare za wachezaji alizifua yeye. Gari la kuwapeleka mechini aliliendesha yeye. Wakati huohuo alikuwa akihudhuria masomo yake, akifundisha, na kuuguza goti lililoumia ili apate kuichezea nchi yake. Mechi yake ya kwanza, mwezi Desemba 1974, alishindwa kwa alama 84 kwa 83. Wasomaji wa uzamili wanaolalamika kwamba tasnifu na kazi ya kulipwa haviendi pamoja wana la kujifunza hapo!

Yaliyofuata yanajulikana na hayahitaji kuelezwa kinaganaga. Mwaka 1976 aliichezea Marekani katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal na kupata nishani ya fedha. Miaka 8 baadaye, mjini Los Angeles, aliifunza timu hiyo ya taifa ikanyakua dhahabu. Ubingwa wa vyuo ulimchelewesha. Mara kadhaa aliifikisha timu hatua za mwisho na kurudi mikono mitupu, hadi watu wakaanza kunong'ona kwamba hauwezi. Aliupata mwaka 1987, katika msimu wake wa 13. Kisha ukamwandama: 1989, 1991, mitatu mfululizo kuanzia 1996 hadi 1998, na miwili ya mwisho 2007 na 2008. Katika msimu ulioishia 1998, timu yake ilicheza mechi 39 na kushinda zote 39.

Basi ikiwa kipimo ni hicho, habari yake imekwisha kupitwa na wakati. Alipostaafu mwaka 2012 hakukuwa na mkufunzi mwingine wa ngazi ya juu ya vyuo, mwanamume wala mwanamke, aliyekuwa na ushindi mwingi kuliko wake. Mwaka 2018 Mike Krzyzewski wa Duke akaivuka idadi hiyo. Mwaka 2020 Tara VanDerveer wa Stanford akaivuka pia. Novemba 2024 Geno Auriemma wa Connecticut, hasimu mkubwa wa Summitt, akawa juu yao wote. Rekodi ni mali ya kuazima. Anayeishika leo anamtunzia mwingine wa kesho. Mwenye kumsifu Summitt kwa mechi 1,098 pekee hana budi kukubali kwamba sifa hizo sasa ni za mtu mwingine.

Lakini ipo hesabu nyingine ambayo haiwezi kuvukwa, kwa sababu haiwezi kuzidi ilipofikia. Kila mchezaji aliyekamilisha miaka yake ya kuichezea Tennessee chini ya Summitt alihitimu masomo yake. Si wengi wao, ni wote. Jambo hili halikujileta. Wachezaji walikatazwa kukosa kipindi darasani, na walipohudhuria walitakiwa kuketi katika safu 3 za mbele. Mtu anaweza kuicheka amri hiyo na kuiona ya kitoto. Aliyewahi kufundisha hawezi kuicheka. Mwanafunzi aliyeketi mbele humwona mwalimu, naye mwalimu humwona. Hawezi kulala wala kujificha nyuma ya mgongo wa mwenziwe. Summitt alijua kwamba mchezaji wa chuo huzoea kupendelewa, na kwamba upendeleo huo humwibia elimu yake polepole, huku akishangiliwa. Goti likivunjika, makofi hukoma siku hiyohiyo. Shahada haivunjiki.

Mfano wa Tamika Catchings unalionyesha jambo hili bora zaidi. Binti huyu alizaliwa na tatizo la kusikia. Alipokuwa mdogo watoto wenziwe walimkejeli kwa vifaa alivyovaa masikioni, naye akavitupa, akawa anaishi kwa kusoma midomo ya watu. Alifika Tennessee mwaka 1997 akiwa mchezaji hodari tayari. Mkufunzi mwenye macho ya vikombe tu angaliridhika, kwani timu ilikuwa ikishinda. Summitt hakuridhika. Alimhimiza avae tena vifaa vya kusikilizia na kupata msaada wa wataalamu wa usemi, ili siku moja aweze kusimama mbele ya watu na kunena bila haya. Catchings alikuja kupata dhahabu 4 za Olimpiki, ubingwa wa ligi ya kulipwa mwaka 2012 na heshima nyingine chungu nzima. Hata hivyo, ushauri ule haukuwa wa uwanjani. Ulikuwa wa mtu anayemtazama binti wa miaka 18 na kufikiria atakavyokuwa akiwa na miaka 40.

Hapana shaka wapo watakaopinga. Watasema kwamba Summitt alikuwa mkali kupita kiasi. Kwamba jicho lake lilitosha kumliza mchezaji. Kwamba mazoezi yake yalikuwa mateso, na kwamba wapo walioshindwa wakahamia vyuo vingine. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Ukali umewaharibu vijana wengi, na kuna walimu wanaojificha nyuma ya methali ya samaki mkunje angali mbichi ili kuhalalisha ghadhabu zao. Lakini ukali hutofautiana na udhalimu kwa mambo mawili. Kwanza, mkali wa haki huanza na nafsi yake. Mwezi Septemba 1990, akiwa mjamzito wa siku za mwisho, Summitt alisafiri kwa ndege hadi Pennsylvania kumshawishi msichana mmoja, Michelle Marciniak, ajiunge na Tennessee. Uchungu wa kuzaa ukamshika huko, naye akasisitiza ndege imrudishe nyumbani, na mwanawe akazaliwa Tennessee. Marciniak alichagua chuo kingine kwanza, kisha akahamia kwake na kuwa miongoni mwa mabingwa wa 1996. Pili, mkali wa haki hahitaji kiti cha enzi. Wachezaji wa Summitt hawakumwita kocha wala bibi mkuu. Walimwita Pat, kwa kuwa ndivyo alivyotaka. Aliyeogopwa kwa jicho lake hakuhitaji kuogopwa kwa cheo chake.

Liko suala jingine ambalo wasifu wake mwingi hulipitia juujuu, nalo ni la heshima ya kazi ya wanawake. Zaidi ya mara moja chuo chake kilimwendea kutaka aifunze timu ya wanaume. Alikataa, na akauliza kwa nini kazi hiyo ihesabiwe kuwa ni kupanda ngazi. Swali lile lilikuwa zito kuliko vikombe vyote. Jamii nyingi, si ya Marekani pekee, humpongeza mwanamke anapofanya kazi iliyozoewa na wanaume, zikidhani zimemheshimu, kumbe zimekiri kwamba aliyokuwa akiifanya awali haikuwa kazi. Summitt alibaki alipokuwa na kuipandisha ngazi yenyewe. Mwanamke aliyeanza na dola 250 kwa mwezi alikuwa, kufikia mwaka 2006, mkufunzi wa kwanza wa mpira wa vikapu wa wanawake kupata mkataba wa zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka.

Ila ushindi huo una kivuli chake. Sheria ya 1972 ilipopitishwa, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni Marekani zilifunzwa na wanawake. Fedha na heshima zilipoingia, wanaume nao waliingia, na idadi ya wanawake ikashuka chini ya nusu. Waliofua sare hawakuwa wote waliokaribishwa mezani chakula kilipoiva. Hii ndiyo sababu wachezaji wa Summitt waliogeuka wakufunzi wana maana kubwa. Holly Warlick, aliyekuwa mchezaji wake na kisha msaidizi wake, ndiye aliyemrithi mwaka 2012. Kellie Harper, bingwa wa 1996 hadi 1998, aliiongoza timu hiyohiyo kuanzia 2019 hadi 2024. Mkufunzi aliyezaa wakufunzi amelitimiza neno.

Somo lake la mwisho lilikuwa gumu kuliko yote. Mwezi Agosti 2011, akiwa na miaka 59, alitangaza kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer, ule unaoila kumbukumbu ya mtu polepole. Angaliweza kuficha na kuondoka kimyakimya. Alisema wazi, akafunza msimu mmoja zaidi akisaidiwa na wenziwe, kisha akang'atuka Aprili 2012. Alianzisha wakfu wa kupambana na ugonjwa huo, na mwaka huohuo Rais Barack Obama akamtunukia Nishani ya Rais ya Uhuru. Alifariki tarehe 28 Juni 2016, akiwa na miaka 64. Ni kinaya kichungu kwamba mwanamke ambaye mechi zake zote zilihesabiwa na wengine alifikia kutoweza kuzikumbuka mwenyewe. Vikombe alivisahau. Waliokumbuka ni wale aliowafunza.

Wasomaji wengi wa jarida hili ama ni walimu ama watakuwa walimu karibuni. Wataingia katika shule zinazopimwa kwa wastani wa alama za mtihani, ambako mwanafunzi mzito huonekana kama mzigo unaoishusha shule, na ambako kishawishi cha kuwatunza wepesi na kuwasahau wengine ni kikubwa. Wastani huo ndio kikombe chao. Si vibaya kuutaka. Summitt hakuwahi kuingia uwanjani akitaka kushindwa. Kosa ni kuufanya ndio mwisho wa safari. Jina mwalimu hupewa mtu siku anapoanza kazi, lakini hulistahili miaka mingi baadaye, wakati hesabu za alama zimekwisha kusahaulika na waliopita mikononi mwake wamebaki wamesimama. Siku hiyo ndipo atakapojua kama tembo lake lilitiwa maji.