Mungu Hakuumba Darasa la Tatu

Jumapili moja mjini Tunduma, katika kanisa ambalo sitalitaja jina lake, mhubiri mwenye sauti kuu alituusia sisi wazazi, ambao wengi wetu tunashinda tukihangaika baina ya foleni ya malori na soko la Nakonde, kwamba mtoto wa Kikristo haimpasi kusomea chini ya mti kama mbuzi, wala kuchanganywa na watoto wasio wa rika lake, bali atiwe mapema katika shule yenye ukuta, geti na bweni. Waumini waliitikia amina. Mimi nilinyamaza kwa adabu ya ibada, nikatoka na ghadhabu yangu nzima.

Itikadi hii, kwamba elimu haipatikani ila katika chumba cha saruji walimokusanywa watoto waliozaliwa mwaka mmoja, imeenea katika mkoa wetu wa Songwe kiasi cha kudhaniwa kuwa ni sehemu ya Injili, ilhali Yeye tunayemfuata alifundisha mlimani, na chomboni, na kandokando ya mashamba, akiwaonyesha watu ndege wa angani na maua ya kondeni, wala hakuwagawa wasikilizaji wake kwa umri; na wanafunzi wake walipojaribu kuwazuia watoto wasimfikie, aliwakemea wao.

Nauliza: ni nani aliyemfundisha mtoto wa Mbozi kuchuma buni nyekundu na kuiacha mbichi? Si mwalimu mwenye shahada. Ni dada yake aliyemzidi miaka mitatu. Mtoto hujifunza kwa mtoto aliyemtangulia hatua chache, na yule anayefundisha hulielewa somo lake mara ya pili, kwa undani kuliko mara ya kwanza. Hivyo ndivyo ilivyo nyumbani, na shambani, na katika shule ya Jumapili ya kijiji chochote cha Ileje au Momba. Huko pwani, katika vyuo vya Kurani, mwanafunzi aliyekwisha kusonga mbele huketi jamvini akimsomesha anayeanza na alifu, na elimu ile imedumu karne nyingi bila kengele ya kubadilisha vipindi. Kuwapanga watoto kwa mwaka wa kuzaliwa ni desturi ya juzi, iliyoshika mizizi Prussia, kisha Marekani katika karne ya 19. Nasi tunaipigania kana kwamba tuliirithi kwa Ibrahimu.

Wamoravian wa mkoa huu, ambao wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891, wanapaswa kulijua jambo hili kuliko sote, kwani kanisa lao lina asili katika Umoja wa Ndugu, ambao askofu wake, Johann Amos Comenius, alihimiza kwamba mtoto aone kitu chenyewe kabla ya kukariri neno lake, na mwaka 1658 akatoa kitabu chake cha picha kwa ajili ya watoto. Najua kwamba yeye mwenyewe alipenda madarasa yaliyopangwa kwa umri. Basi katika hilo alikosea.

Na kitu chenyewe tunacho. Pale Ndolezi, wilayani Mbozi, kimelala kimondo cha chuma chenye uzito wa zaidi ya tani 10, kilichotoka mbinguni kabla ya babu wa babu zetu, na ambacho wageni walikuja kukitangaza mwaka 1930. Wapeleke watoto ishirini wa umri wa miaka mitano hadi kumi na mitatu: mdogo atakipima kwa shibiri, wa kati ataandika vipimo vya mwenzake na kuvigeuza kuwa mita, mkubwa atakadiria ujazo na kutafuta uzito, na yule mdogo, akiwa bado ameweka kiganja juu ya chuma kilichopata joto la jua, atauliza ni nani aliyekitupa. Hapo mwalimu wa dini apate nafasi yake, ajibu kama anaweza. Wangapi katika watoto wetu, wanaochora sayari kwa kalamu za rangi, wamewahi kukigusa?

Lakini nyoka! Wapo wanaonijibu kwamba mtoto akitoka nje ataumwa na nyoka, na soksi zake zitachafuka. Wazee wao wa Kinyiha na Kinyamwanga walikulia wapi, ghorofani? Na geti lile linalofunguka juu ya barabara kuu ya Zambia, malori yakipita usiku na mchana, halina sumu? Soksi hufuliwa.

Serikali yenyewe ilipopiga marufuku mabweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, mwaka 2023, walisikitika wenye shule wanaouza vitanda, na pamoja nao wazazi waliokwisha kuzoea kununua malezi kwa muhula. Hao hao ndio wanaochangishana fedha za mahafali ya chekechea, ambapo mtoto wa miaka sita, asiyejua bado kufunga kamba za viatu, huvikwa joho na kofia ya shahada mbele ya kamera. Kukodi basi la kuwafikisha watoto hao Ndolezi asubuhi na kuwarudisha jioni, nadhani, kungewagharimu pungufu ya majoho hayo.